Land Rover 109 ya marehemu baba: nibadili injini au nianzie wapi?

BintiWaEngaruka

Habari za jioni wakuu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanamke. Nalisema mapema kwa sababu nimepitia nyuzi za magari humu na kila anayeuliza anaitwa kaka.

Nina Land Rover 109, Series III, pikapu ya turubai, injini ya dizeli iliyotoka nayo kiwandani, mwaka 1978. Baba aliinunua kwenye mnada wa serikali mwaka 1991. Alikuwa dereva wa idara ya mifugo na hiyo ndiyo gari aliyopewa kazini, kwa hiyo wenzake walipokuwa wanazunguka wakipiga matairi mateke, yeye alikuwa anajua hadi bolti ipi kaifunga kwa waya. Alitangulia mbele ya haki Agosti mwaka jana. Kaka zangu wawili wanaishi mjini. Walisema iuzwe kwa kilo, na mnunuzi wa vyuma chakavu akafika mpaka uani. Nikasema mashamba gawaneni mnavyotaka, gari nachukua mimi. Wakacheka, wakanipa. Funguo hawakunipa maana haipo; gari hii inawashwa kwa kugusanisha waya tangu niko darasa la tano.

Kazi yangu ni mahindi na maharage. Nanunua Engaruka, napeleka Mto wa Mbu, kilomita sitini na kitu. Kwa msiopajua: kiangazi ni vumbi la majivu ya mlima, laini kama unga, linaingia mpaka ndani ya simu. Baada ya vumbi mawe meusi, baada ya mawe makorongo. Masika korongo linashuka jua likiwaka, maana mvua imenyesha huko juu ya ukuta wa bonde, wewe chini hujaona hata wingu.

Sasa matatizo. Asubuhi haiwaki mpaka vijana wanne wasukume. Ikiwaka inatoa moshi mweupe. Ikishapata moto na mzigo uko nyuma, moshi unakuwa mweusi kama wa tanuri la matofali. Nikibeba magunia kumi na mawili, kilima kidogo tu napanda kwa gia ya kwanza, watoto wa shule wananipita kwa miguu na kunipungia mkono. Kwenye tambarare nikipata spidi 50 nashukuru.

Fundi wangu wa Mto wa Mbu anasema toa injini hiyo, weka 3L, injini ya dizeli ya Toyota Hiace, milioni sita na nusu mpaka inawaka. Wa pili, wa Arusha, anasema afadhali 300Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover za baadaye, kwa kuwa ni ndugu yake. Mpwa wangu, anayefanya kazi na watalii, anataka tuinyanyue, tuweke matairi mapana, taa sita juu na winchi mbele. Mimi nina milioni saba za kikoba na sitapata nyingine hivi karibuni. Nianzie wapi?

Na jambo dogo. Baba ameacha kaunta buku. Kila alichofanya kwenye gari kakiandika kwa penseli. Mengi naelewa. Ila kuna ukurasa wa Januari 1998, zile mvua za El Niño: "Korongo la pili. Maji mlangoni. Difu zote maziwa. Gia boksi maziwa." Mama anasema mwaka huo hatukuwa hata na ng'ombe wa maziwa. Kuna anayejua?

KijanaWaUsaRiver

Pole kwa msiba dada. Ushauri wangu utauchukia: uza. Hiyo milioni saba ongezea ya skrepa, tafuta Noah. Kiangazi Noah zinafika huko kwenu, nimeziona kwa macho yangu zimejaza watu mpaka mlangoni. Masika pumzika, au kodi. Land Rover ni ndoa, si gari.

BintiWaEngaruka

Asante. Masika ndiyo bei ya mahindi inapopanda, kaka. Nikipumzika miezi hiyo nimefunga biashara. Na ndoa nilishawahi kuwa nayo, gari hii imenisumbua kidogo kuliko ile.

FundiMstaafu_Ngarenaro

Marahaba binti. Nimeanza kushika spana mwaka 1976 nikiwa mtoto wa gereji, wa kuoshea vyuma kwa petroli. Nimestaafu kwa sababu ya mgongo, si kwa kupenda. Nitaandika kirefu, wenye haraka warukie mbele.

Kwanza maziwa, maana nimecheka peke yangu hapa mpaka mama watoto akaja kuniangalia. Gari ikitembea mwendo mrefu, difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli, inapata moto. Ukiingia nayo kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia kwenye oili sili na kwenye tundu la kupumulia. Yale maji yakishakorogwa na oili yanageuka meupe, mazito, kama maziwa. Ukiyaacha humo beringi zinakwisha kabla ya mwezi kuandama mara mbili. Mzee wako alitoka korongoni, akafungua bolti za chini, akatazama rangi, akabadili oili yote. Nina mafundi nimewafundisha mwenyewe na hawafanyi hivyo.

Sasa injini. Hao wawili waliokuambia uitoe, kuna aliyefungua chujio la hewa? Nauliza nikijua jibu. Chujio la gari hiyo si la karatasi. Ni kopo la chuma lenye oili chini. Hewa inapita juu ya ile oili, vumbi linanasia pale. Kwa vumbi la kwenu linatakiwa kufunguliwa kila baada ya safari mbili tatu, oili imwagwe, kopo lioshwe, ijazwe oili mpya hadi kwenye alama. Lisipoguswa linageuka tope, hewa haipiti, dizeli inaingia ileile. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Huo ni ugonjwa wa oili ya elfu kumi, binti, usiupeleke kwenye upasuaji wa milioni sita.

Moshi mweupe wa asubuhi ni dizeli ambayo haikuungua kwa sababu ya baridi. Injini hiyo ina plagi nne za kupasha moto, na kwenye zile za zamani zimeunganishwa kwa mfululizo, umeme unatoka ya kwanza unaingia ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Ikifa moja zote zimekufa. Ni kama zile taa za Krismasi. Pima moja moja kwa taa ya majaribio. Ukipata pesa weka zile za aina mpya ambazo kila moja ina waya wake, ikifa moja tatu zinabaki kazini. Na hao vijana wanne watafute kazi nyingine.

Baada ya hapo endesha kilomita kumi bila kushika breki sana, simama, pitisha mkono karibu na kila gurudumu. Lenye moto kuliko wenzake breki yake inashika. Kisha ingia uvunguni, nyuma ya gia boksi utaona dramu moja ndogo kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Hiyo ndiyo breki ya mkono ya Land Rover, haiko magurudumuni kama Toyota. Sili ya gia boksi ikivuja oili inaimwagikia, vumbi linaganda, inashika nusu nusu. Unaendesha siku nzima ukivutana na breki yako mwenyewe. Na kwa sababu iko kwenye propela, usiivute gari ikiwa inatembea, utakata hafu shafti.

Halafu ndiyo tuje kwenye injini yenyewe. Iwashe, ipate moto, fungua kifuniko cha kujazia oili. Ikitoa mvuke kidogo wa mara kwa mara ni uzee tu, hata mimi nina wangu. Ikipumua kwa nguvu na kurusha oili, ringi zimekwisha na tutazungumza lugha nyingine. Pia fundi aangalie cheni ya taimingi. Ikilegea, pampu inachelewa kupiga dizeli na gari inakuwa nzito bila sababu inayoonekana.

Usitarajie miujiza lakini. Ni injini ya lita mbili na robo, ikiwa mpya kabisa ilitoa nguvu ya farasi 62. Haikuumbwa kukimbia. Iliumbwa kufika.

Mwisho, kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekuambia: chasisi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haili kutu, inamdanganya mtu. Chini yake ni chuma. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chasisi yote kuanzia mbele. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinatoa mlio wa debe bovu. Gonga sana kwenye ile mihimili inayotoka pembeni kubeba bodi, kwenye boriti ya nyuma kabisa, na pale springi za nyuma zinaposhikia. Kama pameoza hapo halafu unaweka injini yenye nguvu, umemvalisha mgonjwa wa mifupa viatu vya mpira.

Na ukibadili injini kumbuka namba yake kwenye kadi lazima ibadilishwe TRA. Wengi wanasahau, wanakumbushwa na trafiki.

Swali: magunia kumi na mawili ya kilo mia, au lumbesa, yale yaliyojazwa kupita kipimo?

BintiWaEngaruka

Mzee shikamoo tena na asante sana. Nimemsomea mama sehemu ya maziwa, amefurahi kuliko mimi.

Ni lumbesa.

FundiMstaafu_Ngarenaro

Basi ni tani moja na nusu. Gari hiyo ilitengenezewa tani moja hivi. Usiilaumu injini.

MorijoNaMaralal

Sasa dada, salamu kutoka Maralal, Kenya. Nimeona jina 300Tdi nikasema lazima niandike, juu mimi nilifanya hiyo kitu na nikalia.

Yangu ni 109 ya petroli iliyounganishwa Thika. Nilikuwa napeleka bidhaa za duka Baragoi na kurudi na mbuzi. Petroli ilikuwa inanimaliza, kwa hivyo nikanunua Discovery iliyopinduka, nikatoa injini ya 300Tdi nikaingiza kwa 109. Kuifunga haikuwa shida kubwa. Ilitaka kubadilishiwa mahali pa kukalia, bomba za rejeta, na ekzosi yake. Siku ya kwanza nilipanda mlima na gia ya tatu nikiimba.

Shida ni hii. Injini ya zamani ya dizeli inazungusha kwa nguvu ya kama Nm 140. Hii mpya ni 265. Gia boksi ni ileile ya babu. Mwezi wa nne gia ya tatu ikaanza kuruka, wa sita gia boksi ikakufa. Nikanunua ingine. Hiyo nikajifunza kuiendesha kama yai.

Shida ya pili, injini inataka kukimbia lakini difu za 109 ni 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 ndio gurudumu lizunguke mara moja. Kwa lami ilikuwa kelele tupu, spidi hakuna. Mtu akaniambia weka difu za Discovery, 3.54. Ya mbele ikaingia vizuri. Ya nyuma haikuingia, juu ekseli ya nyuma ya 109 ni Salisbury, hiyo ni kitu nzito tofauti kabisa. Nikasema nitatafuta ya nyuma pole pole, kwa sasa natumia miguu ya nyuma peke yake, ya mbele nitulie nayo. Wiki mbili baadaye nikakwama kwa mchanga wa lagga, yaani mto mkavu. Nikasahau. Nikabonyeza ile kitufe ya njano, ya kuunganisha miguu ya mbele. Mbele inataka kwenda na mwendo wake, nyuma na wake, na zimefungwa pamoja. Nilisikia mlio kama bunduki. Watu wawili walilala chini.

Kwa hivyo ukisikia fundi anasema injini ni ndugu yake, muulize: na gia boksi je? Na difu je? Pesa ya injini ni mlango tu, nyumba iko ndani.

3L sijawahi. Najua spea zake ziko kila mahali juu ya hizo matatu za Hiace, hiyo ni sifa ya kweli. Lakini bado utahitaji pleti ya kuunganisha na gia boksi, na ikichongwa vibaya hata kwa unywele mmoja, shafti haikai katikati, inakula beringi na klachi hutajua ni nini. Uliza nani atachonga hiyo pleti, na uone ingine aliyochonga ikitembea.

MbongoBirmingham

Naishi karibu na Solihull, mji ambao hizi gari zilitengenezwa mpaka Defender ya zamani ya mwisho ilipotoka Januari 2016. Nataka tu kuunga mkono suala la chasisi. Huku chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi inakula chuma vibaya, na mtu akirudishia 109 uhai, kitu cha kwanza anachonunua ni chasisi mpya iliyochovywa kwenye zinki, kabla ya injini, kabla ya rangi. Kusafirisha moja hadi Arusha ni gharama ambayo sikushauri. Ila mpangilio wa matumizi yao una akili.

Hiyo aluminiamu, kwa faida ya wasiojua, haikuwa anasa. Gari ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa kwa mgawo, na aluminiamu ilikuwa ipo. Hasara yake ni kwamba aluminiamu ikigusana na chuma na unyevu ukiwepo, aluminiamu inaliwa, inageuka unga mweupe. Kila unapofungua bodi weka mpira au rangi nzito kati ya vyuma hivyo viwili.

Na dada, wakija wazungu wa kununua, usitaje bei wa kwanza.

BintiWaEngaruka

Nimegonga. Mpwa wangu alilala uvunguni na nyundo, mimi nilisimama na daftari naandika panapolia debe. Mbele pazuri. Mihimili miwili ya upande wa kushoto imeoza. Pale springi ya nyuma kulia inaposhikia, nyundo iliingia ikabaki humo. Mpwa alitoka amejaa mchanga na kutu usoni, akasema "shangazi, mimi siendi tena Mto wa Mbu na hii gari". Hajataja taa sita tangu siku hiyo.

Chujio la hewa nilifungua mwenyewe. Tope. Si tope la mfano, tope la kufinyangia chungu.

Sasa mzee, chasisi nimekubali, iende kwanza. Lakini nisaidie na yale ya kuongeza. Kipi ni cha maana kwa barabara yangu na kipi ni cha picha?

FundiMstaafu_Ngarenaro

Chasisi kwanza nikwambie jinsi ya kuwasimamia. Fundi atataka kubandika bati juu ya kutu, apake rangi, akuite. Usikubali. Sehemu iliyooza ikatwe mpaka chuma kizima, na chuma kitakachowekwa kiwe na unene uleule au zaidi. Kabla ya kuchomelea, toa tanki na utenganishe betri. Ikiisha, iagize ioshwe ndani kwa maji ya presha kupitia matundu yake, utashangaa udongo utakaotoka, mwingine utakuwa ule wa 1998. Ikikauka, pulizia oili chafu ndani. Mimi hufanya hivyo kila mwaka kabla ya masika.

Matairi: baki na 750 kwa 16, zenye mpira wa ndani. Mpwa wako anataka mapana kwa sababu anayaona kwenye gari za watalii, nazo zina usukani wa kusaidiwa na mashine. Yako haina. Utapinda mabega. Tena tairi jembamba kwenye tope linachana hadi kufika chini kwenye udongo mgumu, pana linaelea juu na kuteleza. Kwenye majivu makavu na mchanga punguza upepo, ukitoka jaza. Nunua pampu nzuri kabla ya winchi. Nunua na minyororo ya tairi, na kamba ndefu. Miiba ya migunga unaijua kuliko mimi, beba mipira ya ndani miwili na viraka.

Kuinyanyua hapana. Unabeba mzigo, mzigo unataka kuwa chini. Springi peleka kwa mhunzi anayejua, azikunje upya, abadilishe pleti zilizovunjika, bushi ziwe mpya. Pleti ya ziada moja nyuma yatosha. Ukiongeza nne gari ikiwa tupu itakurusha kama punda.

Mkonga, lile bomba la kuvutia hewa juu, weka, si kwa maji tu. Ukivuta hewa juu ya paa, vumbi ni pungufu kuliko lile la usawa wa boneti, na chujio lako litakushukuru. Lakini mkonga usikupe kiburi. Maungio yake yakiwa na upenyo mmoja chini ya boneti, maji yataingia hapo. Maji hayakandamiziki, silinda ikiyameza inapinda kondo rodi, na hapo ndipo utakapoitafuta kweli ile 3L.

Kilicho muhimu kuliko mkonga hakipendezi kwenye picha. Yale matundu ya kupumulia ya difu, chomeka mipira myembamba, ipandishe hadi juu ya usawa wa bodi. Difu ikipoa majini itavuta hewa badala ya maji. Huo mpira ni elfu chache. Na chini ya nyumba ya klachi kuna tundu la kudondoshea oili, lina bolti yake ya kuzibia wakati wa kuvuka maji. Ukishavuka unaitoa, la sivyo oili inayovuja itajikusanya na klachi itateleza. Tafuta hiyo bolti. Kama baba yako ndiye ninayemfikiria, hakuitupa.

Tanki la pili linakaa chini ya kiti cha kushoto, hata kiwandani walikuwa wanatoa hivyo. Zuri, ila si la mwaka huu.

Keria juu ya paa usiweke. Najua ukiweka watapanda watu.

Mwisho kabisa, vile vijiti. Njano ukibonyeza chini unapata miguu yote minne kwa mwendo wa kawaida. Nyekundu ukivuta nyuma unapata gia nzito, simama kwanza. Kwenye barabara ngumu kavu usiache imefungwa yote minne, vyuma vinajisokota. Kama mbele ina zile habu za kufunga kwa mkono, zifunge zote mbili au usifunge hata moja, na hata kiangazi zifunge siku moja moja ili vyuma vya ndani vipate oili.

BintiWaEngaruka

Wiki tano zimepita, naleta mrejesho maana nawachukia watu wanaoomba ushauri humu na kupotea.

Chasisi imekatwa na kuchomelewa, siku nne, nilikaa hapo hapo na kiti changu. Siku ya pili fundi alitaka kubandika bati. Nikamwonyesha simu, nikamwambia mzee wangu wa Ngarenaro amekataa. Akauliza mzee gani. Nikasema we kata tu.

Plagi ilikuwa imekufa moja, nimebadili zote nne. Breki ya mkono ilikuwa imeshika kweli, dramu ya moto hata mate yanachemka. Sili yake mpya, viatu vipya. Cheni ya taimingi imebadilishwa. Springi mhunzi wa Arusha amezikunja. Mipira ya difu imewekwa, mpwa wangu ameifunga vizuri sana mpaka imekaa kama ya kiwandani, naona ameanza kuipenda. Mkonga bado, tumepima kwanza. Jumla mpaka leo milioni tatu na laki mbili. Injini ni ileile ya baba. Kifuniko cha oili nilifungua ikiwa imewaka, inapumua kidogo kidogo, mzee kasinzia.

Inawaka asubuhi kwa kuhesabu hadi ishirini, bila vijana. Kile kilima napanda gia ya pili, karibu na juu nakaribia kuweka ya tatu halafu najizuia. Tambarare inakwenda 65 bila kulalamika. Watoto wa shule sasa wananipungia ili niwabebe.

Na ile bolti ya kuzibia klachi ilikuwa kwenye kopo la kahawa chini ya kiti, imefungwa kwa kitambaa na karatasi imeandikwa "maji".

Juzi korongo la pili lilikuwa na maji ya magotini. Nikaiweka bolti, nikavuta nyekundu, nikavuka taratibu. Nilipofika nyumbani nikafungua difu ya nyuma kutazama. Nyeusi safi.

FundiMstaafu_Ngarenaro

Bolti umeitoa?

BintiWaEngaruka

Nimeitoa, imerudi kwenye kopo.

FundiMstaafu_Ngarenaro

Vizuri. Safari hiyo ulibeba magunia mangapi?

BintiWaEngaruka

Kumi tu mzee.

FundiMstaafu_Ngarenaro

Lumbesa?

BintiWaEngaruka

Mzee shikamoo.